Utepe wa Kunyumbuka na Maumivu ya Viungo

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wananchi wa Balambala, Kaunti ya Garissa)



Mazungumzo yetu ni juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu mmekwisha kukiona, kama si kwa macho basi katika picha za wachezaji wa mpira na wakimbiaji: ule utepe wa rangi, wa buluu au mweusi au wa waridi, unaobandikwa gotini au begani kana kwamba mtu ametiwa kiraka. Vijana huuulizia madukani, na wapo wauzaji wasemao kwamba huondoa kila maumivu ya viungo na misuli. Kwa kuwa maumivu ya magoti, mgongo na mabega ni mengi katika nchi ya wafugaji na wachota maji, yafaa tujue utepe huu ni kitu gani, wafanya nini, na zaidi ya hayo, haufanyi nini. Kutolijua jambo hili la mwisho kwaweza kumtia mtu hasara kubwa kuliko bei ya utepe.

Kwanza jina lake. Mimi ni mfasiri, si mganga, na kwa mfasiri jina ni nusu ya kazi. Wengine huuita plasta, lakini plasta ni ile ya kufunika kidonda, na utepe huu hauwekwi juu ya kidonda kamwe. Wengine huuita bandeji, lakini bandeji huzungushwa kiungo na kukaza, na huu haukazi. Wapo pia wauitao utepe wa mpira, kwa kuufananisha na ule wa kiunoni mwa suruali. Nao kwa kawaida hutengenezwa pasipo mpira. Basi tuuite utepe wa kunyumbuka, au utepe tu, tukijua ni upi.

Umefumwa kwa pamba iliyochanganywa na nyuzi zinazovutika. Upande mmoja umepakwa gundi kwa mistari ya mawimbi, ili hewa na jasho vipate njia ya kupita. Upana wake wa kawaida ni sentimita 5, na mzingo mmoja una urefu wa mita 5. Huvutika kwa urefu, si kwa upana. Hauna dawa yo yote ndani yake. Nalirudia neno hili kwa sababu wengi wanaoununua hudhani kuna dawa inayotoka katika kitambaa na kuingia mwilini, kama ilivyo katika marhamu. Sivyo. Ni kitambaa na gundi, basi.

Aliyeubuni ni Bwana Kenzo Kase wa Japan, mtabibu wa kunyoosha viungo kwa mikono, katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo wanamichezo walikuwa wakifungwa utepe mgumu usiovutika, ambao hukishika kiungo kisiteguke, lakini pia hukizuia kisifanye kazi yake. Bwana Kase alitaka kitu kitakachokisaidia kiungo huku kikiendelea kwenda. Maelezo yake yalikuwa haya: utepe ukibandikwa hali umevutwa kidogo, hutaka kurudi katika urefu wake, na kwa kurudi huko huinua ngozi kidogo sana, chini ya ngozi iliyoinuliwa damu na maji ya mwili hupita kwa wepesi, uvimbe hupungua, na maumivu nayo hupungua. Ni maelezo mazuri, na mtu akiyasikia mara ya kwanza huona yana akili. Lakini maelezo mazuri ni jambo moja, na kuthibitika ni jambo jingine.

Umaarufu wake haukutoka hospitali, ulitoka viwanjani. Katika michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 utepe ule uligawiwa bure kwa wachezaji wa nchi 58, na watu wa dunia nzima wakamwona Kerri Walsh wa Marekani akicheza mpira wa wavu wa ufukweni hali bega lake limepambwa kwa utepe. Kisha, tarehe 28 Juni 2012, huko Warsaw, Mario Balotelli wa Italia aliwafunga Wajerumani mabao mawili, akavua shati, na mgongoni mwake ikaonekana mistari mitatu ya buluu. Hapana duka liwezalo kupata tangazo kubwa kuliko hilo. Lakini nawaomba mkumbuke kwamba bao la kwanza alilipiga kwa kichwa na la pili kwa mguu. Utepe ulikuwa mgongoni.

Sasa tuje kwenye kuthibitisha. Mwaka 2014 wataalamu wa Brazil walitoa habari za jaribio walilolifanya kwa watu 148 waliokuwa na maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliwagawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza walibandikwa utepe uliovutwa kidogo, kwa kiasi kile kile kinachofanya ngozi ijikunje, kama inavyofundishwa. Kundi la pili walibandikwa utepe ule ule, lakini haukuvutwa hata kidogo. Wote walibandikwa mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki nne. Muda ulipokwisha, makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu. Na nafuu ya wale waliovutiwa utepe haikuizidi ya wale wasiovutiwa.

Mfugaji ataifahamu hesabu hii upesi kuliko mtu wa mjini. Ukiwa na ngamia ishirini wenye upele, ukawapaka kumi dawa mpya na kumi ukawapaka maji, kisha wote wakapoa sawasawa, hutatoa fedha kununua dawa ile kwa kundi zima. Utasema: upele huu ulikuwa ukiondoka wenyewe, au kule kuoshwa ndiko kulikofaa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa utepe. Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe kwa kupita siku, na mtu aliyeshughulikiwa na kuguswa kwa upole husikia nafuu, ijapokuwa kilichobandikwa si kitu. Mwaka 2021 jopo la Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya nchi mbali mbali na kuyapima uzito, walitazama utepe huu kwa maumivu ya bega, wakaona ushahidi wake ni hafifu na hautoshi kusema kwamba una faida ya hakika.

Je, tuutupe? Sisemi hivyo. Yuko mtu ambaye goti lake likibandikwa husikia maumivu yamepungua kwa siku mbili tatu. Inawezekana ni kwa sababu ngozi inapoguswa daima, habari ya mguso huo huenda ubongoni pamoja na habari ya maumivu na kuipunguzia nguvu, kama vile mtoto aliyejigonga asuguliwapo na mama yake akanyamaza. Ikiwa kwa nafuu hiyo mtu atapata moyo wa kusimama, kutembea na kufanya mazoezi, basi utepe umefanya kazi njema, maana mazoezi ndiyo yenye kuleta faida ya kudumu. Ikiwa kwa nafuu hiyo atazidi kubeba mizigo ile ile iliyomuumiza, umemdhuru.

Katika Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya mgongo wa chini yasiyokwisha, ugonjwa ambao kwa hesabu ya shirika hilo ulikuwa na watu milioni 619 duniani mwaka 2020. Yaliyosifiwa humo ni kama haya: mgonjwa aelezwe hali yake na namna ya kujitunza, afanye mazoezi, na apewe vidonge vya kupunguza uvimbe pale vinapofaa. Mikanda ya kufunga kiuno haikusifiwa. Bali ilitajwa miongoni mwa vitu ambavyo kwa kawaida havifai kutumiwa.

Tutazame basi mizigo yetu. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ya Tana una uzito wa kilo 20, pasipo kuhesabu mtungi wenyewe. Mwanamke au binti anayeubeba mgongoni kwa kamba ya kifuani, mara kadhaa kwa siku, anainama mbele kwa safari nzima, na ukingo wa mto haukuchongwa ngazi. Hapana utepe duniani utakaoushinda mzigo huo. Kinachofaa ni kuupunguza: mitungi miwili midogo, mmoja kila mkono, badala ya mmoja mkubwa, punda kila inapowezekana, na kuchuchumaa kwa magoti wakati wa kuuinua, mzigo ukiwa karibu na tumbo, si kuinama kwa kiuno na kuuvuta kutoka mbali. Vijana wanaolima mashamba ya kando ya mto na kuchimba mifereji yafaa wabadilishe mkono wa jembe na wasimame wanyooshe mgongo kila baada ya muda. Na wenye punda wasimlemeze punda hata avunjike, kwa sababu punda akilala, mzigo unarudi mgongoni mwa mama.

Kwa magoti ya wazee, liko zoezi ambalo halina gharama. Keti juu ya kiti au kigogo, nyoosha mguu mmoja mbele hata uwe sawa, ushikilie huku ukihesabu mpaka tano, kisha uushushe polepole. Fanya hivyo mara kumi kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa mbele wa paja ndio unaolishika goti, nao ukidhoofika goti hubaki kama mlango usio na bawaba nzuri. Nafuu haiji kwa siku mbili. Huja kwa wiki sita au zaidi, na watu wengi huacha wiki ya pili.

Sasa nafika penye jambo kubwa. Si kila maumivu ya kiungo yametoka katika kiungo. Katika nchi ya wafugaji uko ugonjwa uitwao brusela, ambao watu hupata kwa kunywa maziwa mabichi ya ngamia, mbuzi, kondoo au ng'ombe, au kwa kumzalisha mnyama na kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mtu hushikwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi la usiku, uchovu usiokuwa na sababu, na maumivu ya mgongo, nyonga na magoti. Hutibiwa malaria, na homa hurudi. Huchuliwa kwa mafuta ya ufuta, hupakwa manemane, hupigwa chuku, huchomwa kwa chuma cha moto, na maumivu hubaki pale pale. Utepe ukiongezwa katika orodha hii, utakuwa ni kitu kingine cha kupoteza miezi, na huku ugonjwa unakula mifupa ya uti wa mgongo. Tiba yake ni dawa za hospitali za namna mbili kwa pamoja, ambazo mara nyingi hutumiwa kwa wiki sita bila kukatiza, na daktari ndiye azipangaye baada ya damu kupimwa.

Naona heri niwaeleze jinsi sababu ya ugonjwa huu ilivyojulikana, maana habari yenyewe ni ya mbuzi. Askari wa Kiingereza waliokaa katika kisiwa cha Malta walikuwa wakiugua homa ndefu, na wengine wakifa. Mwaka 1887 daktari wa jeshi aitwaye David Bruce, yule yule aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchungua ugonjwa wa malale, alikipata kidudu chake katika miili ya waliokufa. Lakini kilikotoka hakikujulikana. Ilikuwa mwaka 1905 ambapo daktari wa Malta kwenyewe, Themistocles Zammit, alipowapima mbuzi wa kisiwa akakuta kidudu kile kimo ndani yao. Mbuzi walikuwa wanene na wazima kwa kuwatazama. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa ikapungua sana kati yao. Basi mtu asiniambie, «Ngamia wangu ni mzima, namjua tangu ndama.» Mbuzi wa Malta nao walijulikana tangu wana.

Najua wazee husema kwamba maziwa ya ngamia yakichemshwa hupoteza nguvu. Nguvu ya maziwa ni chakula kilichomo, na chakula hicho karibu chote hubaki baada ya kuchemka. Kuyagandisha yawe susa si sawa na kuyachemsha, kwa kuwa uchachu hauaminiki kuua vidudu vyote. Chai ya maziwa iliyochemka vyema haina hatari hii. Ni bilauri ya maziwa mabichi, anayopewa mgeni kwa heshima, ndiyo yenye shaka. Jambo hili ni zito kulisema katika nchi ambayo ukarimu wake umesimama juu ya bilauri hiyo, lakini lazima lisemwe.

Yako na maradhi mengine yanayojificha kama maumivu ya viungo. Kifua kikuu chaweza kuingia katika uti wa mgongo, na mgonjwa asikohoe hata siku moja. Tena kuna chikungunya, iletwayo na mbu, ambayo iliandikwa kwanza katika nchi ya Wamakonde kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Jina lake ni neno la Kimakonde lenye maana ya kupindika, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Iliingia Mandera mwaka 2016, na watu wengi wakashindwa kutembea.

Kwa hiyo ye yote mwenye maumivu ya kiungo pamoja na homa, au jasho la usiku, au kukonda. Au kiungo kimoja kimevimba, kimekuwa chekundu na kina moto. Au miguu imepata ganzi, au mkojo umeziba au hauzuiliki, huyo asinunue utepe. Aende zahanati, na kutoka huko, ikilazimu, hospitali kuu ya kaunti mjini Garissa. Vivyo hivyo mtu aliyeteguka kifundo na hawezi kupiga hatua nne: huenda mfupa umevunjika. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la nyuma pasipo kuanguka wala kugongwa, yumkini damu imeganda ndani ya mshipa. Kuusugua au kuubandika utepe mguu wa namna hiyo kwaweza kuleta hatari ya maisha.

Aliyebaki, yaani mwenye maumivu ya kawaida baada ya kazi au mchezo, naye anataka kuujaribu utepe, yafaa aonyeshwe mara ya kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia, yule mtabibu wa viungo ambaye kazi yake katika Kenya imewekewa sheria tangu mwaka 2014. Mabibi wana haki ya kuomba mtabibu mwanamke, na si aibu kuomba.

Ngozi ioshwe kwa sabuni na kukaushwa kabisa. Aliyepaka mafuta au samli ayatoe kwanza, maana utepe haushiki juu ya mafuta. Na nywele nyingi zinyolewe. Kata utepe, kisha uzungushie pembe zake kwa mkasi zisiwe kali, kwa kuwa pembe kali ndiyo inayonasa nguo na kubanduka kwanza. Sentimita chache za kila mwisho zibandikwe bila kuvutwa; katikati peke yake ndipo panapovutwa, nako kidogo. Waliouvuta kwa nguvu zao zote wakidhani ndiyo tiba wamejipatia malengelenge. Ukiisha kubandika, sugua kwa kiganja, maana gundi hushika kwa joto. Kwa sababu hiyo hiyo, utepe uliokaa muda mrefu juani juu ya meza ya sokoni huenda gundi yake imeharibika kabla hujaununua. Ukishika vizuri hukaa siku tatu hata tano, na kuoga hakuudhuru. Usiwekwe juu ya kidonda, jipu, upele, wala alama mpya ya kuchomwa kwa chuma. Wenye kisukari, wazee wenye ngozi laini inayochanika, na mama wajawazito waulize kwanza.

Liko swali moja ambalo wataalamu wa nchi za mbali hawakulifikiria, nalo ni la udhu. Utepe wa goti, mgongo au bega haugusi viungo vya udhu. Lakini wa kifundo cha mguu au cha mkono huzuia maji yasifike kwenye ngozi, na wo wote ule huzuia katika josho la janaba. Hukumu yake ni ya masheikh, si yangu wala ya daktari, na pengine haitakuwa sawa kwa mtu mwenye dharura na kwa mtu aliyejibandika kwa kuona wachezaji wamefanya hivyo. Ni vyema mgonjwa aulize pande zote mbili kabla ya kubandikwa, kwani utepe uliobanduliwa haurudiki.

Wakati wa kuutoa, usiurarue kama mtu aondoaye mwiba. Ulowanishe, au upake mafuta ya kupikia kidogo na ungoje dakika chache, kisha uukunje polepole kuelekea nywele zinakolala, mkono mwingine ukiishikilia ngozi. Ukikuta pamewasha, pamekuwa pekundu au pametoka vipele, ngozi hiyo imeikataa gundi. Paoshwe, paachwe wazi, na utepe usibandikwe tena mahali pale.